Kifutio au raba? Programu ndogo ya msamiati kwa watoto wa nasari



Leo sitaandika juu ya seva wala hifadhidata. Nataka kuandika juu ya vitu 24 ambavyo mtoto wa miaka minne hukutana navyo darasani, na majina yake. Mliozoea kuja hapa kwa ajili ya msimbo msiondoke. Msimbo upo huko chini, tena ni mfupi, lakini umenisumbua kuliko mradi wowote wa kulipwa nilioufanya mwaka huu.

MIKINDANI NI WAPI?

Nakaa Mikindani, Mombasa, upande wa bara. Si Mikindani ya Mtwara, ile aliyoanzia safari Livingstone mwaka 1866. (Kila nikitafuta jambo la mtaani kwetu kwenye mtandao naletewa hiyo ya Mtwara.) Yetu ni mojawapo ya wadi za Jomvu. Ukitoka kisiwani unavuka Makupa, unapita Changamwe, unafuata barabara ya Nairobi pamoja na malori ya makontena, kisha unashuka.

Naeleza haya kwa sababu yanahusu. Watu wa Mikindani wametoka kila pembe. Wazazi wetu na babu zetu walifuata kazi: bandari, reli, viwanda, malori, na kile kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe ambacho kiliacha kusafisha mwaka 2013. Kwenye ploti moja ya vyumba kumi utasikia Kigiriama, Kikamba, Kitaita, Kijaluo na Kiluhya, na wote wakitoka uani wanakutana kwa Kiswahili. Na hapo jirani tu ni Jomvu Kuu, kwa Wajomvu, mojawapo ya Tisa Taifa za Mombasa, ambao Kiswahili hawakujifunza skuli, walizaliwa nacho.

Kwa hivyo mtoto wa hapa hafiki nasari mikono mitupu. Anafika na maneno mengi, mengine ya kwao, mengine ya uani, mengine ya dukani. Swali ni kama skuli inayahesabu.

KISA CHENYEWE

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alipomaliza PP2 mamake alitaka kumpeleka skuli moja ya kulipia, ambayo sitaitaja. Kabla ya kuingia Gredi ya 1 mtoto alifanyiwa intavyuu. Miaka sita, intavyuu! Akawekewa vitu mezani, akaambiwa avitaje kwa Kiswahili. Akavitaja bila kusita: buku, raba, shapina, begi, rula, penseli. Akarudi nyumbani na karatasi iliyosema msamiati wake ni hafifu, ni afadhali arudie darasa.

Nilimuuliza ilikuwaje. Akanijibu, "Mjomba, si nilivitaja vyote?"

Na kweli alivitaja vyote. Hakuna hata kimoja ambacho hakukijua. Walichotaka wao ni daftari, kifutio, kichongeo na mkoba. Rula na penseli alipewa vema, kwa sababu hata kwenye kitabu rula ni rula na penseli ni penseli. Hapo ndipo niliposhangaa. Rula na penseli zimetoka kwenye Kiingereza, sawa kabisa na raba. Hizi mbili zikapata kibali cha kuingia kitabuni, raba ikaachwa mlangoni. Mtoto wa miaka sita atajuaje nani kapewa kibali na nani hakupewa?

Kurudia darasa ni karo ya mwaka mwingine mzima, na dada yangu anauza mahamri na mbaazi asubuhi. Hakumrudisha. Alimpeleka skuli ya serikali hapa hapa mtaani na anaendelea vizuri. Lakini kwa wiki kadhaa mtoto ukimuonyesha kitu akutajie, hata kijiko, alikuwa anamtazama mamake kwanza. Hilo liliniuma kuliko ile karatasi. Mtoto ambaye alikuwa haachi kusema, sasa alikuwa anapima neno kabla hajalitoa.

Jambo hili si jipya nchini kwetu. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alieleza katika Decolonising the Mind (1986) jinsi wanafunzi wa skuli yake walivyoadhibiwa na kuvishwa kibao shingoni wakikutwa wanasema Kigikuyu. Siku hizi hakuna kibao. Kuna karatasi ya "msamiati hafifu".

Sisemi mtoto asifunzwe neno kifutio. Afunzwe, tena mapema, maana atalikuta katika kila kitabu. Nachosema ni kwamba kuna tofauti kubwa kati ya kumuongezea mtoto neno na kumnyang'anya lile alilokuja nalo.

TULICHOTAFUTA TUKAKOSA

Nasari iliyo karibu na kwetu ina mwalimu mmoja, watoto 31 na simu moja, ya mwalimu mwenyewe. Chini ya Katiba ya 2010 elimu ya nasari ni kazi ya kaunti. Zile tableti za serikali zilizoanza kugawiwa mwaka 2016 zilikwenda kwa wanafunzi wa darasa la kwanza wa skuli za msingi za umma, si kwa nasari. Kwa hivyo chochote cha kumsaidia mwalimu huyu lazima kiingie kwenye simu yake, kifanye kazi bila bando, na kisile nafasi ya picha za harusi ya mdogo wake.

Nilipakua programu kadhaa zinazodai kufundisha watoto Kiswahili. Nyingi zina picha za darasa ambalo mtoto wa Mikindani hajapata kuliona: makabati ya chuma kwenye ukumbi, masanduku ya chakula, zulia. Lakini kilichonichekesha ni orodha moja ambayo bila shaka ilitafsiriwa na mashine. Picha ni ya rula. Sauti inasema "mtawala".

Kwa Kiingereza rula na mtawala huandikwa sawasawa, herufi kwa herufi. Mashine ikiona neno lenyewe tupu, bila sentensi, inachagua maana mojawapo, na safari hii ilichagua ya ikulu. Sasa fikiria mwalimu anawaambia watoto wachukue mtawala wapige mstari :-)

Kuna somo la kweli hapo kwa sisi watengeneza programu. Orodha ya maneno ya watoto haianzii kwenye lugha nyingine. Inaanzia kwenye kitu chenyewe. Nikachukua simu, nikaingia darasani siku ya Jumamosi, nikapiga picha vitu vilivyokuwemo, na hivyo tu. Daftari lililochakaa kona. Kichongeo cha plastiki. Chaki iliyokatika. Dawati la mbao lenye majina yaliyochongwa na walioondoka zamani. Vikatimia 24.

KITU KIMOJA, MAJINA MENGI

Programu nyingi za aina hii zina muundo huu: picha moja, neno moja. Mtoto akibonyeza sivyo, inatokea alama nyekundu na sauti ya kukasirika. Mimi nilitaka kitu kiwe na majina mengi, na moja litiwe alama kuwa ndilo la kitabuni. Hivi:

kitu: 07
picha: raba.jpg
la kitabu: kifutio
mengine: ufutio, raba

kitu: 08
picha: shapina.jpg
la kitabu: kichongeo
mengine: shapina

kitu: 03
picha: penseli.jpg
la kitabu: penseli
mengine: kalamu ya risasi

Hilo la mwisho nimepewa na bi mkubwa mmoja wa Jomvu Kuu ambaye sote tunamwita nyanya. Nilimuonyesha picha ya penseli nikamuuliza, "Nyanya, hii mwaiitaje?" Akaniambia, "Hiyo ni kalamu ya risasi, mjukuu wangu. Penseli mumeileta nyinyi." Risasi hapo ni ile madini, ingawa ndani ya penseli hamna risasi, mna grafaiti. Nilipowachezea watoto sauti ya nyanya walianguka kwa kicheko, kwa sababu kwao risasi ni ya bunduki tu. Lakini wiki ya pili walikuwa wakiombana "kalamu ya risasi" kwa makusudi, kama neno la siri.

Mnaweza kuuliza kwa nini basi nisiache kila mtu na neno lake, yakaisha. Nitaeleza, maana hapa mwalimu alinifungua macho.

Kwanza, raba ina shida yake. Kwetu raba ni ya kufutia, na raba pia ni viatu vya kukimbilia. Mwalimu aliwahi kumwambia mtoto "lete raba" na mtoto akaenda mlangoni kuleta viatu. Alitii neno alilolijua.

Pili, na hili ndilo kubwa, kifutio si jina la kukariri tu. Ndani yake mna kazi. Futa, kifutio. Chonga, kichongeo. Funika, kifuniko. Ziba, kizibo. Pima, kipimo. Fagia, ufagio. Mtoto akishaona mara tatu nne kwamba kitu kinaitwa kwa kazi yake, hana tena haja ya kukaririshwa kila neno. Raba haimpi hilo. Raba ni mlango uliofungwa, haina ndugu ndani ya lugha.

Kwa hivyo nikabadilisha mpangilio. Badala ya kuanza na picha ya kitu, programu inaanza na mkono unaofanya kazi. Mkono unafuta mstari wa penseli, sauti inasema "nafuta". Unafuta tena, "nafuta". Kisha kinabaki kitu peke yake mezani: "hiki ni kifutio." Hakuna mahali programu inaposema raba ni kosa. Mtoto akibonyeza sauti ya raba, inamjibu: "Ndiyo, raba. Na pia kifutio."

Hiyo "na pia" ndiyo programu yote, ukitaka ufupisho.

NENO SANIFU LILITOKA WAPI?

Wazazi wengine huona kama maneno ya kitabuni yameshuka kutoka mbinguni. Hayakushuka. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano wa nchi za Afrika Mashariki kuhusu lugha ya kufundishia na kuandikia, na hapo Kiunguja kikachaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kikaachwa. Mkutano huo ulifanyika wapi? Hapa hapa Mombasa. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya kusimamia vitabu na kamusi. Ndiyo maana nyanya akisema mato na ndia, kitabu cha mjukuu wake kinasema macho na njia. Si kwamba nyanya hajui Kiswahili!

Na sisi watu wazima tunaoshinda kwenye kompyuta, tumekubaliana? Kenya wengi huandika tarakilishi, Tanzania kompyuta. Kile kidude cha kusogeza mkononi wengine wanakiita kipanya, wengine puku, wengine kiteuzi, na ofisini kwetu wanasema mausi. Tangu Jambo OpenOffice ilipotolewa kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, programu za Kiswahili zimekuwa zikija kila moja na maneno yake. Mambo yanaenda. Hakuna aliyetuambia turudie darasa.

TUANZE NA NENO GANI?

Hili lilinipa raha. Nilitaka neno la kwanza liwe ambalo mtoto yeyote wa ploti yoyote atalitambua, ili aanze kwa kushinda. Nikapata kalamu.

Kalamu imetoka Kiarabu, na Kiarabu chenyewe kinashabihiana na Kigiriki cha kale, ambako kalamos ni tete au mwanzi, ule uliochongwa ukachovywa wino. Kutoka pwani neno likapanda bara. Wajaluo wanasema kalam. Wakikuyu wanasema karamu. Mtoto anayekwenda chuoni jioni analisikia kwa ustadhi wake. Neno moja limetembea kutoka Bahari ya Kati mpaka Ziwa Viktoria, na njiani halikumpoteza mtu.

Ukianza kuchimba, darasa zima limejaa wasafiri. Daftari ni Kiarabu, na nyuma yake kuna neno la Kigiriki la ngozi, maana watu waliandika juu ya ngozi. Karatasi nayo ina njia hiyo hiyo. Meza tuliachiwa na Wareno, na bendera pia. Shule ni Kijerumani, iliingia kupitia Tanganyika, na skuli yetu ya pwani ni Kiingereza. Dawati ndilo lililonishangaza: kwa Kiarabu ni kidau cha wino. Neno likakua kutoka chupa ya wino likawa meza nzima ya kuandikia. Basi raba isione haya. Imechelewa tu kufika.

SASA MSIMBO

Haya, waliosubiri. Tatizo ni hili: nataka programu iseme "hiki ni kiti" na "hivi ni viti". Programu za kigeni zinafanya wingi kwa kubandika herufi mwisho wa neno. Kwetu wingi unaanza mbele, na ukibadilika unavuta sentensi nzima. Jedwali ni hili:

KI-VI: hiki kiti, hivi viti
LI-YA: hili daftari, haya madaftari
I-ZI: hii kalamu, hizi kalamu
U-I: huu mkoba, hii mikoba
U-ZI: huu ubao, hizi mbao
A-WA: huyu mwalimu, hawa walimu

Mtengeneza programu yeyote akiona jedwali kama hili mkono unamwasha. Anataka kuandika kanuni fupi: soma herufi za mwanzo, tambua ngeli, maliza kazi. Darasa la nasari peke yake linatosha kuivunja kanuni hiyo:

1. Chumba kina wingi wa vyumba. Chaki je? Hakuna "vyaki". Ni chaki hii, chaki hizi.

2. Kiti, kichongeo, kifutio, vyote ni hiki na hivi. Kiranja naye anaanza na ki-, lakini jaribu kumwambia "kiranja hiki" uone. Ni huyu, ni mtu.

3. Mkoba na mwalimu wote wana m- mbele. Mmoja huu, mwingine huyu.

4. "Hii" inaweza kuwa kalamu moja au mikoba kumi. Neno hilo peke yake halikuambii idadi.

5. Na kitabu, mfalme wa mifano yote, kiliingia kutoka Kiarabu ambako ile k ni sehemu ya mzizi wa neno wala si kiambishi. Waswahili wakaisikia ki-, wakaifanya ki- yao, wakatoa vitabu. Kwa hiyo hata babu zetu walitumia kanuni ya herufi za mwanzo, na safari hiyo wakatunga neno zuri kabisa.

Uamuzi wangu ni wa kizamani: kila kitu kimeandikiwa ngeli yake kwa mkono, pembeni ya jina lake. Vitu 24, kazi ya dakika 20. Msimbo haubahatishi chochote, unasoma ngeli na kuchukua neno kwenye jedwali. Tena ngeli nimeiambatanisha na jina, si na kitu. Sababu ni kwamba kitu kimoja chenye majina mawili huwa na ngeli mbili: kifutio ni hiki, raba ni hii. Ukiiweka ngeli kwenye picha, mtoto atasikia "hiki raba".

Kuhusu "hii kiti" na "hii kitabu", ambazo Mikindani utazisikia kila saa: programu haizikemei. Inarudia tu kwa sauti ya mwalimu, "ndiyo, hiki ni kiti", na kuendelea. Mtoto wa Kikamba ana ivuku na mavuku nyumbani, wa Kikuyu ana ibuku na mabuku. Wazo kwamba wingi unakaa mbele ya neno si geni kwao hata kidogo. Kijaluo hakina ngeli za namna hiyo, kwa hivyo mtoto wa nyumba hiyo anahitaji kusikia mara nyingi zaidi, na mashine haichoki kurudia. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

SAUTI

Sauti za kompyuta za Kiswahili zipo siku hizi, na Kiswahili kimo katika Common Voice ya Mozilla ambako watu hujitolea kurekodi sentensi. Lakini kwa mtoto wa miaka minne nilitaka sauti za watu anaowajua. Mwalimu amesoma majina ya kitabuni. Nyanya amesoma ya zamani. Ya uani, yaani raba, shapina, buku na begi, yamesomwa na mpwa wangu. Yeye ndiye mtaalamu wa hayo.

Tulirekodi alasiri chini ya mwembe, na ukisikiliza vizuri "kengele" utasikia na lori linabadilisha gia. Nimeliacha. Faili lote, picha na sauti, ni megabaiti 3 na kidogo, ukurasa mmoja unaofunguka kwenye kivinjari cha simu yoyote bila mtandao. Nalituma kwa Bluetooth. Anayelitaka analibeba.

WIKI TATU DARASANI

Sikufanya utafiti, nilikaa nyuma ya darasa siku za Alhamisi, basi. Nitasema niliyoyaona.

Simu moja kwa watoto 31 haiwezekani kwa mtoto mmoja mmoja, kwa hivyo mwalimu anaishika juu, anacheza sauti, na watoto wanakimbia kushika kitu chenyewe. Mimi nilitengeneza programu ya kubonyeza, yeye ameigeuza mchezo wa kukimbia. Ni bora hivyo, maana neno wanalishika na kitu mkononi.

Kuna mtoto wa kike ambaye mwalimu aliniambia hajasema neno tangu muhula uanze. Kwao ni Kijaluo. Picha ya kwanza ilipotokea alisema "kalam", kwa sauti ya chini. Mwalimu akacheza "kalamu", akamwambia "ndiyo". Haikuwa muujiza, siku hiyo hakusema lingine. Wiki iliyofuata alisema matatu.

Lakini lililonifurahisha zaidi halikuwemo kwenye faili langu. Mtoto mmoja alitaka dasta ya kufutia ubao. Jina lake hakulijua, na mimi sikuliweka katika vile 24. Akasema, "Mwalimu, nipe kifutio kikubwa." Na mwingine, Alhamisi ya tatu, alinyoosha kidole kwenye chaja ya simu ya mwalimu akaiita "kichajio".

Kichajio! Hakuna aliyemfundisha. Amechukua chaji, akaiweka katika kinu kile kile cha futa na kifutio, akatoa neno ambalo wewe na mimi tunalielewa papo hapo. Mtu mwenye msamiati hafifu hafanyi hivyo.

TUNAPOBISHANA

Mwalimu na mimi hatujakubaliana kwa kila kitu. Yeye anasema, "Mwanangu, wewe utarudi kwenye kompyuta yako. Mimi ndiye nitakayesimama mbele ya mzazi mtoto akikataliwa intavyuu kwa sababu ya raba yako." Anataka jina la kitabuni pekee liandikwe kwa herufi kwenye kioo, na mengine yasikike tu. Hoja yake ni kwamba jicho la mtoto likizoea neno lililoandikwa, huo ndio utakuwa mwandiko wake.

Mimi naona kuandikwa ndiko kunakolipa neno heshima, na nikiyaacha maneno ya uani bila herufi nitakuwa nimerudia ile karatasi kwa mlango wa nyuma. Mtaala wa CBC, ulioanza kutumika nchini mwaka 2019, unasema mtoto wa nasari hadi Gredi ya 3 afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Na lugha ya eneo hili, mimi ninayelala hapa, ni hii yenye raba ndani.

Kwa sasa tumefanya zamu mbili. Zamu ya kwanza inaitwa "Nyumbani", majina yote yanasikika na kuandikwa. Zamu ya pili inaitwa "Kitabuni", na mtoto anajua kabisa kwamba sasa tunacheza mchezo wa kitabu. Mwalimu ndiye anayeamua lini wanavuka. Darasa ni lake, na wazazi watakaokuja kuuliza watakuja kwake.

Kazi inayofuata ni kuongeza maneno ya kwingine. Zanzibar nao wanasema skuli kama sisi. Mashariki ya Kongo daftari wanaliita kaye, kutoka Kifaransa. Muundo wa faili unayapokea yote, ni kuongeza mstari tu na ngeli yake.

Basi ndugu zangu wa Lamu, Tanga, Bujumbura, Goma na Maskati, niandikieni. Kwenu hicho kidude cha kufutia penseli mnakiitaje, na wingi wake ni upi?